UZI: Mhariri na mkabidhi wakigongana Wikipedia, nani anaamua na kwa utaratibu gani?

#1 Karani_wa_Kurasa

Wadau, salaam.

Uzi huu ni wa wanaohariri Wikipedia ya Kiswahili, na wakabidhi (wasimamizi wenye vitufe vya ziada) nawaomba msome pia. Magomvi yetu yanafanana mno. Mmoja anabadilisha makala, mwingine anatengua (anarudisha ilivyokuwa), wa tatu mwenye vitufe anaingia kati, na kabla ya jioni kuna akaunti imezuiwa na mwenyewe ameapa hagusi tena mradi. Wikipedia yetu ipo tangu 2003 na wahariri wa kudumu bado ni wachache. Anayeondoka kwa hasira anaondoka na ujuzi wake wote.

Langu kubwa ni hili: tenganisheni ugomvi wa maudhui na ugomvi wa matumizi ya vitufe. Ni mambo mawili, yana milango miwili, na ukiyachanganya hupati jibu la hata moja. Mkabidhi amekabidhiwa uwezo wa kufuta, kulinda ukurasa na kuzuia akaunti. Hakupewa kura ya ziada juu ya nini kiandikwe. Kwenye suala la maudhui yeye ni mhariri kama wewe, na chanzo chake kinapimwa kama chako.

Chukueni Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kipengele cha idadi ya waliokufa. Serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, kwa sababu njaa iliyoletwa na jeshi kuchoma mashamba na akiba za chakula iliua wengi kuliko risasi. Sasa mhariri A anaingia, anafuta 75,000, anaandika 300,000 bila tanbihi. Mhariri B anarudisha ya kwanza, na kwenye muhtasari anaandika "uongo". A anarudisha yake. Hapo hakuna anayezungumza na mwenzake, wote wawili wanapigana na kitufe cha kutengua.

Namna ya kulimaliza ni kwenda ukurasa wa majadiliano wa makala yenyewe, si ukurasa wa mtumiaji, na kuandika kitu kama hiki:

> Pitio la leo asubuhi limebakiza 75,000 peke yake (kiungo hiki hapa). Hiyo ni takwimu ya serikali ya kikoloni. Gwassa anakadiria 250,000 hadi 300,000. Napendekeza sentensi hii: "Serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000, mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wakihesabiwa waliokufa kwa njaa." Kila takwimu iwe na tanbihi yake. Nasubiri maoni hadi Ijumaa. Pasipo pingamizi nitaiweka.

Angalieni kilichomo: kiungo cha pitio (badiliko lililohifadhiwa) linalobishaniwa, chanzo, sentensi iliyokwisha kuandikwa, na siku ya mwisho. Sentensi iliyo tayari ndiyo inayookoa muda kuliko vyote, kwa sababu mtu anaweza kubishana na msimamo wako mwezi mzima, lakini ukimwekea maneno mezani atakuambia neno gani analikataa. Mara nyingi mnakuta mnagombania neno moja tu.

Mwishowe msisahau kutia sahihi kwa alama nne za tilde (~~~~). Hoja isiyo na sahihi wala tarehe ni vigumu kuifuatilia baadaye.

#2 MtaaWaTatu

Asante mkuu. Hebu tufafanulie hii "kanuni ya mara tatu" ambayo kila mtu anaitaja. Ni kwamba ninaruhusiwa kutengua mara tatu kwa siku?

#3 Karani_wa_Kurasa

Hapana, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Kanuni ilitungwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza: ukitengua zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24, unaweza kuzuiwa. Ile ni mstari wa mwisho, si posho. Anayetengua mara mbili kila siku kwa wiki nzima yuko vitani vilevile, na anaweza kuzuiwa hata kama hajafika ya nne.

Pia haihesabiwi kwa sentensi. Ukitengua kitu aya ya kwanza, kisha, baada ya mwingine kuhariri, kitu kingine kabisa aya ya tano, hizo ni mbili. Saa 24 nazo hazianzi usiku wa manane. Zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka kila utenguzi.

Visivyohesabiwa ni kujitengua mwenyewe, kuondoa uharibifu wa wazi (matusi, ukurasa kufutwa wote), maandishi yaliyonakiliwa kinyume cha hakimiliki, na madai mabaya yasiyo na chanzo juu ya mtu aliye hai. Hilo la mwisho lina uzito wake: hapo unaondoa kwanza, majadiliano baadaye. Lakini kuita maoni ya mwenzako "uharibifu" hakuyafanyi kuwa uharibifu. Mtu anayeandika 300,000 kwa nia njema amekosea utaratibu tu.

#4 Bi_Mswada

Niongeze upande wa wakabidhi, maana lawama huwa zinakwenda kwa wahariri peke yao.

Sheria ya kwanza ya mwenye vitufe: ukishaingia kwenye mabishano ya makala kama mhariri, vitufe vyako juu ya makala hiyo viweke chini. Ulitengua takwimu ya Maji Maji mara mbili kwa sababu unaona 75,000 ndiyo sahihi? Basi usilinde ukurasa ule, usimzuie aliyekupinga. Mwombe mkabidhi mwingine aangalie. Hata kama uamuzi wako ulikuwa sahihi kabisa, aliyezuiwa na mpinzani wake hawezi kuuamini, na wote wanaotazama wataona kwamba hoja imeshindwa na nguvu imetumika.

Kutoa onyo, kurudisha uharibifu wa wazi au kufunga majadiliano kama mtu wa kati hakukufanyi uwe mhusika. Uhusika unatokana na kushika upande kwenye maudhui.

Ya pili: kabla hujazuia mtu, jiulize kama kulinda ukurasa kunatosha. Wanaopigana wakiwa wawili au watatu na wote ni wahariri wazuri, linda ukurasa siku mbili tatu, waelekeze majadiliano. Utalinda toleo lililopo wakati huo, na upande mmoja utalalamika kwamba umelinda toleo baya. Lazima mmoja alalamike. Usianze kuchagua toleo unalolipenda ndipo ulinde, maana hapo umeshaamua maudhui.

Mwenye tatizo akiwa mmoja na kwenye ukurasa mmoja, kuna zuio la sehemu. Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, inaruhusu kumzuia mtu kwenye kurasa fulani tu, hadi kumi, na kwingine kote akaendelea na kazi. Sijui kwa nini hatulitumii. Mtu anayegombana kwenye makala ya klabu ya mpira lakini anaandika vizuri kuhusu mimea, kwa nini tumpoteze kwenye mimea?

Ya tatu ni fomu yenyewe ya kuzuia. Kuna visanduku watu huvitia alama bila kuvisoma:

Cha kuzuia ukurasa wake wa majadiliano. Usikiguse mwanzoni. Ukikifunga umemnyima mahali pa kukata rufaa, na atarudi kwa akaunti nyingine, kisha utasema "nilijua tu". Kifungwe pale tu anapoutumia ukurasa huo kutukana.

Cha barua pepe. Vivyo hivyo.

Cha kuzuia anwani ya mtandao aliyotumia. Kinawakumba wengine kwa saa 24 baada ya kila jaribio. Kwa mharibifu sugu sawa. Kwa mhariri aliyekasirika tu, kiondoe.

Na sababu. "Mharibifu" si sababu. "Ametengua mara nne kwenye Vita vya Maji Maji ndani ya saa 24 baada ya kuonywa, viungo viko kwenye ukurasa wake wa majadiliano, saa 24" ndiyo sababu. Kumbukumbu ya zuio haifutiki. Itasomwa miaka mitano ijayo na mtu asiyewajua ninyi wawili.

#5 Kijiti_cha_Bandari

Bi Mswada, heshima zako, lakini hayo ni ya mradi mkubwa. Kwetu wakabidhi wanaoonekana wiki hadi wiki unawahesabu kwa vidole. Ukisema "mwombe mwingine", huyo mwingine anaingia mara moja kwa siku kumi. Makala ibaki imeharibika mpaka aje?

#6 Bi_Mswada

Hoja yako ni ya kweli na haina jibu jepesi.

Naomba tu utofautishe "imeharibika" na "ina toleo nisilolikubali". Imeharibika: rudisha, linda, zuia, hata kama jana ulibishana hapo. Hakuna atakayekulaumu. Ina toleo usilolikubali: inaweza kukaa hivyo siku kumi bila mtu kufa. Weka kigezo (bango la tahadhari) cha kuonyesha kwamba kifungu kinabishaniwa, andika hoja yako kwenye majadiliano, mwachie mwenzako ujumbe kwenye ukurasa wake, ngoja.

Ikibidi kabisa utende, tenda kidogo kuliko unavyotamani na uandike hadharani siku hiyohiyo kwenye ukurasa wa Jumuia, baraza la wahariri wote wa mradi: "Nimelinda ukurasa fulani kwa siku tatu ingawa nimo kwenye mabishano, kwa sababu hizi. Mkabidhi yeyote anaweza kubadilisha bila kuniuliza." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Inamwondolea mwenzako hofu ya kutengua uamuzi wako. Wakabidhi wakianza kutenguana vitufe wao kwa wao bila mazungumzo, mradi mdogo unagawanyika kambi mbili kwa wiki moja.

#7 Kijiti_cha_Bandari

Hapo nakubali, hasa hiyo ya kuandika Jumuia. Bado naona miradi midogo itahitaji kanuni yake fupi iliyoandikwa, si kuazima ya Kiingereza kila mara kunapowaka moto.

#8 MtaaWaTatu

Swali la pili: mtu ameshazuiwa na anaona kaonewa. Hatua ya kwanza ni ipi?

#9 Karani_wa_Kurasa

Hatua ya kwanza ni kutofungua akaunti nyingine. Nasisitiza kwa sababu ndiyo inayoua rufaa nyingi zilizokuwa na haki. Ukionekana umekwepa zuio, hakuna atakayesoma tena kama zuio la awali lilikuwa halali. Sasa una kosa la pili ambalo halina ubishi.

Kisha soma ujumbe wa zuio wote. Utakuta nani amezuia, sababu, muda, na kama umezuiwa wewe au umezuiwa mtandao unaotumia. Hiyo ya mwisho inabadilisha kila kitu.

Ukiwa umezuiwa wewe, nenda ukurasa wako wa majadiliano, andika maombi mafupi. Anayesoma rufaa anatafuta majibu matatu: umeelewa kwa nini ulizuiwa, utafanya nini tofauti, na kama zuio lilikosewa, kosa liko wapi kwa ushahidi. Mfano:

> Naomba zuio liondolewe. Nilitengua mara nne kwenye makala ya Maji Maji tarehe fulani. Sikuwa nimeona onyo lililowekwa saa mbili kabla. Sitagusa kifungu cha vifo mpaka majadiliano yaishe. Naomba pia maombi haya yaamuliwe na mkabidhi ambaye hajahariri makala hiyo.

Usiandike kuhusu tabia ya mkabidhi ndani ya rufaa. Yale ni malalamiko ya vitufe na yana mahali pake. Rufaa inayoanza na "huyu ana chuki na mimi tangu zamani" inamfanya msomaji aache kutafuta ukweli aanze kutafuta historia yenu.

Na aliyezuia asijibu rufaa yenyewe. Anaweza kueleza sababu zake pale chini, au kuondoa zuio mwenyewe akishawishika, lakini kukataa rufaa ni kazi ya mwingine.

#10 Waya_na_Mnara

Nidakie hapo kwenye "umezuiwa mtandao", maana huku kwetu ndiko kwenye shida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kampuni za simu zinawapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa wakati mmoja. Mtoto wa shule akiandika matusi kwa simu kutoka Mwanza, anwani yake dakika kumi baadaye iko kwa mtu mwingine kabisa. Mkabidhi akizuia anwani hiyo mwezi mzima, hamshiki yule mtoto, anashika wapita njia. Kwa anwani za simu, saa chache hadi siku moja inatosha.

Kuzuia safu nzima, yaani kundi la anwani zinazofuatana, ndiyo hatari zaidi. Kwenye IPv4, aina ya zamani ya anwani za mtandao, safu ya /24 ni anwani 256. Ya /16, ambayo ndiyo kubwa kabisa programu inayokubali, ni 65,536. Ukizuia /16 ya kampuni ya simu umefunga mlango wa mji. Kwa IPv6, aina mpya ya anwani, hesabu ni nyingine: /64 kwa kawaida ni mteja mmoja, kwa hiyo anzia hapo badala ya kuzuia anwani mojamoja zinazobadilika kila saa. Mara zote acha kisanduku kinachowaruhusu wenye akaunti waendelee kuhariri.

Jambo la pili ni mazuio ya miradi yote yanayolenga VPN na seva za kati, yaani njia zinazoficha anwani yako halisi. Yanawekwa Meta (tovuti ya kuratibu miradi yote ya Wikimedia, si kampuni ya Facebook), si hapa, na mkabidhi wetu akiulizwa anashangaa kwa sababu hakuna alichofanya. Kivinjari kama Opera Mini kinapitisha data kwenye seva za kampuni yake ili kubana matumizi ya bando, na unaweza kukuta umezuiwa hujui ulikosa nini. Zima VPN au tumia kivinjari kingine kwanza. Ikishindikana, mwenye akaunti anaweza kuomba msamaha wa zuio la anwani kule Meta, akieleza mtandao anaotumia na kwa nini hana njia nyingine. Hiyo si rufaa ya kosa, kwa hiyo usijitetee. Eleza hali tu.

#11 Nuru_ya_Semina

Kuna chanzo kingine cha ugomvi hakijaguswa: semina na mashindano ya kuandika. Tangu lile shindano la Google la 2009 hadi za leo, mtindo ni uleule. Watu thelathini wapya wanaingia ukumbini, wanaandika makala kwa saa tatu, nyingi zimetafsiriwa na mashine, jioni wakabidhi wanafuta. Kesho mwandaaji analalamika kwamba wameonewa.

Pande zote mbili zina la kufanya.

Mwandaaji: toa taarifa ukurasa wa Jumuia wiki moja kabla, useme tarehe, idadi ya watu, mada, na nani atajibu maswali. Anwani moja ya mtandao inaruhusiwa kufungua akaunti sita tu kwa siku, kwa hiyo wa saba atakwama. Ama waambie wafungue nyumbani kabla, ama omba mapema Phabricator, tovuti ya maombi ya kiufundi ya Wikimedia, kikomo kiinuliwe. Usipotoa taarifa, akaunti ishirini mpya kutoka anwani moja, zote zikisifia makala za mwenzake, zinafanana kabisa na mtu mmoja mwenye akaunti bandia. Mkabidhi hana macho ya kuona ukumbi wenu.

Mkabidhi: makala mbovu yenye mada inayofaa ihamishie chini ya ukurasa wa mtumiaji, umwandikie afanye nini. Kufuta kuwe kwa takataka na kwa nakala za hakimiliki. Na mwenye makala iliyofutwa ajue kwamba haijapotea. Mkabidhi yeyote anaweza kuirejesha, kwa hiyo ombi la adabu lenye vyanzo viwili linafanya kazi kuliko kuiandika upya mara tano.

Halafu WhatsApp. Jamani. "Tulishakubaliana kwenye grupu" si makubaliano ya Wikipedia. Ambaye hayumo grupu hawezi kuyasoma, na kesho simu ikipotea ushahidi umekwenda. Ongeeni huko mnavyotaka, lakini uamuzi uandikwe kwenye majadiliano na hoja zake, ili mwingine apate nafasi ya kupinga. Kuita watu grupu waje wapige kura upande wako ni kosa kila mradi. Ukitaka kualika, alika wote kwa maneno yasiyoegemea: "Kuna majadiliano kuhusu jina la makala fulani, karibuni."

#12 Kijiti_cha_Bandari

Dada Nuru, hilo la grupu lingebandikwa juu kabisa ya ukurasa wa Jumuia.

#13 Ramani_Huru

Naleta ya jirani, OpenStreetMap, ramani huru inayohaririwa na watu wa kujitolea, kwa sababu nao wana ugomvi wa namna hii na wamekuja na kitu kimoja kizuri.

Kule mabishano yanaanzia kwenye maoni ya kifurushi cha mabadiliko. Yasipoisha yanapelekwa kikundi cha kujitolea kinachoitwa Data Working Group. Kikundi hicho kina zuio la saa sifuri. Mtu hawezi kuendelea kuhariri mpaka aingie na kusoma ujumbe aliotumiwa. Akishausoma, zuio limekwisha. Wengi wa wanaoonekana wabishi hawajawahi kuona ujumbe hata mmoja, kwa sababu wanatumia programu ya simu isiyoonyesha majadiliano. Wikipedia nako ni hivyohivyo kwa wanaohariri kwa simu. Kabla ya kusema "ameonywa mara tatu akapuuza", fikiria kwamba pengine hakuona.

Kwa mipaka wana kanuni ya hali iliyopo ardhini, yaani ramani ifuate kinachoonekana mahali penyewe. Inasaidia vijijini, lakini Ziwa Nyasa inakwama: mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliweka mpaka ufukweni upande wa mashariki, Malawi inaushikilia, na Tanzania inadai mstari wa katikati ya ziwa. Majini hakuna bango la kusoma. Kwenye makala, tofauti na ramani, una bahati ya kuweza kuandika madai yote mawili na mwenye kila dai. Tumieni bahati hiyo.

#14 MtaaWaTatu

Na mkabidhi mwenyewe akiwa ndiye tatizo? Si mara moja, mwenendo wake wote.

#15 Karani_wa_Kurasa

Panda ngazi kwa mpangilio, kwa sababu kila ngazi ya juu itakuuliza ya chini ilisemaje.

Anza kwenye ukurasa wake wa majadiliano, tukio moja, kiungo kimoja, swali moja: "Naomba sababu ya kufuta makala hii." Asipojibu kwa wiki, au jibu likiwa la dharau, nenda Jumuia. Hapo leta viungo vya mapitio na kumbukumbu za vitufe, matano au sita yenye nguvu. Ukileta arobaini hakuna atakayefungua hata kimoja. Panga kwa tarehe, kila kimoja mstari mmoja wa maelezo, bila vivumishi.

Jumuia ikiamua kwamba aondolewe vitufe, uamuzi huo unapelekwa Meta, ambako wasimamizi wa miradi yote, wanaochaguliwa kila mwaka, ndio wanaotekeleza. Wao hawaamui kwa niaba yenu palipo na jumuia hai; wanataka kuona majadiliano ya wazi yaliyokaa muda wa kutosha na matokeo yanayosomeka. Wengi hukasirika hapo wakidhani Meta ni mahakama ya rufaa ya maudhui. Hata Wikipedia ya Kiingereza, yenye kamati ya usuluhishi tangu 2004, kamati hiyo inashughulikia mwenendo wa watu, haiamui makala iandike nini.

Jumuia yenyewe ikiwa imekamatwa, hapo ni jambo jingine. Ripoti ambayo Wikimedia Foundation, taasisi inayoendesha Wikipedia, iliichapisha 2021 kuhusu Wikipedia ya Kikroatia inaeleza jinsi kikundi kidogo kilivyoshika vitufe kwa takriban miaka kumi na kuwazuia waliopinga upotoshaji wa historia. Kwa hali kama hiyo kuna majadiliano ya maoni kule Meta, na kuna kamati inayosimamia kanuni ya maadili ya miradi yote, iliyochaguliwa mara ya kwanza 2024. Ni njia ya polepole, inataka ushahidi wa muda mrefu.

Vitisho vya kumdhuru mtu, au mtu kuanikiwa jina lake halisi, namba ya simu au mahali anapofanya kazi, havipandi ngazi hii. Usijibu hapo, usinakili maneno hayo kwenye malalamiko yako. Vitisho tuma emergency@wikimedia.org. Taarifa binafsi ziombewe kufichwa kwa barua pepe, kamwe si kwenye ukurasa wa wazi, maana tangazo lako ndilo litakalowaonyesha watu pa kutazama.

#16 Bi_Mswada

Nimeanza rasimu ya kanuni fupi aliyoitaka Kijiti, chini ya ukurasa wangu wa mtumiaji. Ina vifungu vitano: mhusika asitumie vitufe, muda wa zuio la kwanza, nani anajibu rufaa, makala za semina, na majadiliano ya nje. Kifungu cha muda wa zuio nimekiacha wazi kwa sababu nataka hoja zenu: zuio la kwanza kwa vita ya kuhariri liwe saa 24 kama kwingine, au lianze na zuio la sehemu kwenye ukurasa husika? Andikeni kwenye majadiliano ya rasimu, si humu. Itakaa wiki mbili kabla ya kupelekwa Jumuia.